Shajara ya mradi: kompyuta pepe kwa matawi matano ya pembejeo, Mbeya hadi Iringa

5 Agosti 2024: Tunachotafuta

Kampuni yetu inauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Makao makuu yako Mwanjelwa, Mbeya mjini. Matawi mengine yako Tukuyu, Vwawa, Makambako na Ipogolo kule Iringa. Watumiaji wa kompyuta ni 22: wauzaji wa kaunta, watunza stoo, wahasibu, mameneja wa matawi na ofisi ya mkurugenzi.

Kwa sasa kila tawi lina programu yake ya uhasibu kwenye kompyuta yake, na kila jioni mtu anatuma faili Mwanjelwa kwa barua pepe au WhatsApp. Kwa hiyo hesabu ya stoo ya kampuni nzima huwa ya jana. Kuanzia Novemba, wakulima wanapokuja na namba zao za ruzuku, hesabu ya jana inatuumiza. Mkulima wa Mbozi anaambiwa pale Vwawa kwamba DAP, mbolea ya kupandia, imekwisha, anarudi nyumbani mikono mitupu, na kumbe Tukuyu kuna mzigo umelala.

Kuna sababu ya pili. Microsoft wataacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zetu nyingi ni za mitumba kutoka Dar es Salaam, hazina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, kwa hiyo Windows 11 rasmi haziipokei. Tunaweza kununua mpya zote, au tukazigeuza hizi ziwe madirisha tu, kazi yenyewe ikafanyika kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya seva iliyo mbali.

Tutajaribu njia tatu, moja baada ya nyingine, kwa watumiaji halisi. Ya kwanza ni ya zamani: seva ya Windows ya kukodi, watu wanaingia kwa Remote Desktop Services, huduma ya Windows ya kutumia kompyuta ya mbali. Mtindo huu ni wa miaka mingi, Citrix waliuza WinFrame tangu 1995 na Microsoft wakafuata na Windows NT 4.0 Terminal Server Edition mwaka 1998. Ya pili ni Azure Virtual Desktop, huduma ya kompyuta pepe kwenye Azure, wingu la Microsoft, iliyofunguliwa Septemba 2019 kwa jina la Windows Virtual Desktop na kupewa jina la sasa mwaka 2021. Ya tatu ni Windows 365, iliyoanza Agosti 2021, ambako kila mtu anakodishiwa kompyuta pepe yake kwa bei moja ya mwezi.

Naandika shajara hii kwa ajili ya mafundi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanaoulizwa na mabosi wao swali hilihili. Maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu ambao faiba yao haikatiki.

19 Agosti 2024: Kupima laini kabla ya kupima kingine chochote

Tumepima muda wa data kwenda na kurudi kutoka kila tawi. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 inakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata vifaa vyote viwe bora kiasi gani. Kutoka Mbeya data inafuata Mkongo wa Taifa hadi Dar es Salaam. Ikienda Afrika Kusini inaingia baharini, inatokea pwani ya KwaZulu-Natal, kisha inapanda Johannesburg, kwenye kituo cha Azure kilichofunguliwa Machi 2019. Ramani inaonyesha Johannesburg iko kusini yetu. Data inazunguka mashariki kwanza.

Mwanjelwa tumepata milisekunde 18 hadi Dar es Salaam, kama 85 hadi Johannesburg, na zaidi ya 170 hadi Uholanzi. Iringa ni nafuu kidogo. Tukuyu kwa faiba ni karibu sawa na Mbeya, ila kwa 4G, mvua ikinyesha, inaruka kutoka 90 hadi 300 na kurudi. Microsoft wanashauri isizidi 150. Ulaya tumeifuta hapohapo, ingawa mashine za kule ni rahisi kuliko za Johannesburg.

Upana wa laini haukutusumbua. Kwa kazi nyepesi Microsoft wanapendekeza megabiti 1.5 kwa mtu, na tawi lenye watu wanne linatosheka na kifurushi cha kawaida cha biashara. Kinachochosha mtumiaji ni kuyumba kwa ule muda wa kwenda na kurudi. Mtu akichapa herufi, akaona hazitokei, kisha zikamwagika zote kwa pamoja, ataichukia kompyuta ndani ya saa moja, na haki yake.

9 Septemba 2024: Njia ya zamani imesimama

Tumekodi seva Dar es Salaam: viini 8, gigabaiti 32 za kumbukumbu, Windows Server 2022. Gharama ni shilingi 780,000 kwa mwezi bila leseni za watumiaji. Programu ya uhasibu ni moja, hazina data ni moja, watu wanaingia kutoka matawini. Kuweka kulikwenda haraka, na tawi la Vwawa lilikuwa linaona stoo ya Tukuyu kabla ya wiki kwisha. Meneja wa Vwawa alinipigia simu kunishukuru. Nalitaja kwa sababu ndilo lengo la kazi yote hii.

Sasa yaliyokwama.

Kwanza ni mlango. Mwenye seva alitukabidhi ikiwa na bandari 3389, ambayo Remote Desktop hupitia, wazi kwa dunia nzima. Nilipofungua kumbukumbu za usalama nikakuta tukio 4625, yaani jaribio la kuingia lililokataliwa, likijirudia mfululizo usiku na mchana kutoka nchi tusizofanya nazo biashara yoyote. Wanabahatisha majina: admin, user, test. Tusisahau kuwa Mei 2019 ilitangazwa kasoro ya BlueKeep iliyomwezesha mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia mlango huu bila nenosiri kabisa. Tumefunga 3389, tumeweka lango la Remote Desktop Gateway linalopita bandari 443, ile ya tovuti salama, kwa cheti cha kulitambulisha, na tumeongeza uthibitisho wa pili kwa simu. Kazi hiyo ilituchukua muda kuliko usanidi mwingine wote.

Pili, Office. Vifurushi vya Microsoft 365 tulivyokuwa navyo vilikataa kufunguka kwenye seva inayotumiwa na watu wengi. Inahitajika leseni yenye ruhusa ya kutumika kwenye kompyuta ya pamoja. Business Premium inayo, Business Standard haina. Anayeiga mradi huu aiangalie hiyo kabla ya kulipia mwaka mzima.

14 Oktoba 2024: Watu wanatupwa nje kila baada ya saa moja

Windows Server inakupa siku 120 za kutumia Remote Desktop Services bila leseni. Hatukutaka kuzimaliza, kwa hiyo tuliwasha leseni za watumiaji mapema, kabla msimu haujaanza. Kesho yake simu zikaanza. Kila mtu anaona ujumbe kwamba kuna tatizo la leseni na kikao kitakatwa baada ya dakika 60. Kweli kinakatwa. Anaingia tena, saa inaanza upya.

Leseni zilikuwa halali na seva ya leseni ilikuwa inazitambua. Chanzo ni kwamba seva yetu ilikuwa imesimama peke yake, haimo kwenye domeni, yaani orodha moja inayosimamia akaunti na kompyuta zote za kampuni. Kuanzia Windows Server 2019, leseni za kuhesabu kwa mtumiaji hazifanyi kazi nje ya domeni ya Active Directory. Ama ubadilishe ziwe za kuhesabu kwa kifaa, ama ujenge domeni. Kwetu kifaa kimoja kinatumiwa na watu wa zamu, na mameneja wanatumia vifaa viwili, kwa hiyo tumejenga domeni: mashine ndogo ya ziada, shilingi 110,000 kwa mwezi. Tatizo limekwisha siku hiyohiyo.

2 Desemba 2024: Msimu, printa na mashine ya risiti

Mvua zimeanza, kaunta zimejaa. Hapa ndipo njia ya kupeleka kila kitu kwenye wingu ilipogonga mwamba.

Muuzaji wa kaunta anatakiwa kutoa risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, palepale mauzo yanapofanyika. Mashine ya EFD na printa ndogo ya milimita 80 zimechomekwa kwenye kompyuta ya kaunta, programu iko Dar es Salaam. Amri ya kuchapa inatoka kaunta, inakwenda Dar es Salaam, inarudi Tukuyu. Printa kupitia Easy Print, njia ya Remote Desktop ya kuchapa, inapokea risiti kama picha ya ukurasa mzima, kwa hiyo inachapa taratibu, inaacha nafasi tupu kubwa chini, na droo ya pesa haifunguki maana ile alama ya kuifungua haifiki. Mashine ya EFD inayotumia bandari ya COM ilikuwa inaitika laini ikitulia, laini ikiyumba inakata subira katikati ya mauzo. Mteja amelipa, stoo imepungua, risiti haijatoka.

Tulijaribu kupeleka printa kwenye mtandao na kuifikia kwa VPN. Kwa ankara za A4 imefaa sana na tumeibakiza. Kwa risiti ya kaunta haikufaa, kwa sababu kijiko kilichokuwa kinachimba mtaro upande wa Uyole kilikata faiba na mauzo ya matawi mawili yakasimama hadi jioni. Tukuyu walirudi kwenye daftari na kalamu, foleni ikiwa nje ya mlango.

Uamuzi tuliouchukua siku hiyo ndio ambao ningependa uigwe kuliko mwingine wote: chochote kinachogusa kifaa kilicho mezani kinabaki mezani. Kila kaunta imepata programu ndogo ya mauzo yenye hazina data yake hapohapo. Inatoa risiti hata laini ikiwa imekufa, na laini ikirudi inasukuma mauzo makao makuu. Laini ikiwepo, inasukuma kila baada ya dakika chache. Kompyuta pepe imebaki kwa kazi ya hesabu, ununuzi, stoo ya jumla na ripoti.

Kwa ujenzi wa programu hiyo ya kuunganisha kaunta na makao makuu tulimlipa mtaalamu shilingi milioni 3.2, mara moja. Ndiyo gharama ya mara moja kubwa kuliko zote kwenye mradi hadi sasa, na haimo kwenye orodha ya bei ya muuzaji yeyote wa kompyuta pepe.

16 Desemba 2024: Cheti

Cheti cha lango ni cha Let's Encrypt, kinaishi siku 90. Kilijihuisha chenyewe kama kilivyopangwa, kikawekwa kwenye seva ya wavuti, lakini lango la Remote Desktop liliendelea kushika kile cha zamani hadi kikafa. Jumatatu asubuhi hakuna aliyeingia. Dawa ni hati fupi ya PowerShell inayokikabidhi cheti kipya kwa lango kila kinapohuishwa, kisha inaanzisha upya huduma ya lango. Kama mnatumia win-acme, programu ya kuhuisha vyeti kwenye Windows, hati hiyo inakuja nayo. Ni ya kuunganisha tu.

Nimeanza kuorodhesha kazi za usiku ambazo njia hii inazidai: viraka vya lango, viraka vya seva, cheti, domeni, uthibitisho wa pili, nakala rudufu. Sisi ni mafundi wawili. Seva yenyewe inafanya kazi vizuri mno, ni ya haraka, na bei yake haipandi mtu akisahau kitu. Lakini mlango wa mbele ni wetu, na kuulinda ni kazi isiyokwisha.

3 Februari 2025: Azure Virtual Desktop

Hapa lango, mgawaji wa vikao na uthibitisho wa kuingia viko mikononi mwa Microsoft. Mashine zetu ndizo zinazopiga hodi kwao kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo hakuna bandari hata moja iliyo wazi kwa dunia. Nimekagua kumbukumbu za usalama: tukio 4625 limebaki la watu wetu waliokosea nenosiri. Kwa fundi aliyetumia miezi akiulinda mlango, hilo ni jambo kubwa.

Tumeweka mashine mbili Johannesburg, kila moja viini 4 na gigabaiti 16, zikiendesha ile Windows 11 inayoruhusu watu wengi kwa pamoja. Toleo hilo huwezi kuliweka kwenye seva ya kukodi ya kawaida. Hazina data nayo imehamia Johannesburg. Programu ikikaa Johannesburg na data ikabaki Dar es Salaam, ripoti ya mwezi inayouliza hazina mara maelfu inalipa zaidi ya milisekunde 60 kwa kila swali. Tulipima hivyo makusudi kabla ya kuhamisha, na ripoti iliyokuwa ya sekunde kadhaa ikawa ya kwenda kunywa chai.

Leseni: wahasibu, mameneja na ofisi ya mkurugenzi, watu 8, wana Business Premium kwa dola 22. Waliobaki 14 wana Microsoft 365 F3 kwa dola 8. Zote mbili zinabeba haki ya kutumia Azure Virtual Desktop. Jumla ni dola 288, na kwa kiwango cha bajeti yetu cha shilingi 2,700 kwa dola hiyo ni 777,600 kwa mwezi kabla ya VAT.

Na domeni? Tulidhani tutaizika. Faili za watumiaji tunazihifadhi kwa FSLogix, programu ya kumfuata mtumiaji na faili zake kila mashine anayoingia, juu ya Azure Files, hifadhi ya faili ya Azure, na ili kila mtu afungue faili zake kwa utambulisho wake tumehitaji akaunti zinazotoka kwenye Active Directory. Ile mashine ndogo ya domeni imehamia Azure na inaendelea kulipiwa.

17 Februari 2025: Saa

Dada mhasibu wa Mwanjelwa alinipigia: "Kaka, hii ankara inasema tumeuza mbolea saa kumi na moja alfajiri. Nani alikuwa dukani?"

Mashine za Azure huzaliwa na saa ya UTC, ile saa rejea ya dunia, nasi tuko saa 3 mbele. Ankara ya saa 2 asubuhi inaandikwa saa 11 alfajiri. Risiti za EFD kaunta zina saa sahihi, kwa hiyo karatasi mbili za mauzo yaleyale hazikubaliani. Kibaya zaidi ni mwisho wa mwezi, maana anayefunga hesabu baada ya saa sita usiku anaandikiwa tarehe ya jana, na kwenye mwezi wa jana.

Tumeziwekea mashine zote ukanda wa saa uitwao E. Africa Standard Time, kwenye picha ya asili, yaani nakala mama ambayo mashine hutengenezwa kutokana nayo, ili kila mashine mpya izaliwe nao. Ankara zilizokwisha kuandikwa vibaya mhasibu amezirekebisha moja moja, kwa maelezo, zikasainiwa. Kazi hii ifanyike kabla ya kumwingiza mtumiaji wa kwanza.

10 Machi 2025: Bili

Bili ya mwezi wa kwanza ya mashine mbili peke yake ilikuwa kama shilingi 972,000. Tulitarajia chini ya nusu ya hiyo, kwa kuwa zilikuwa zinazimwa kila jioni.

Zilikuwa zinazimwa kutoka ndani ya Windows. Kwa Azure hiyo haitoshi: mashine imelala lakini nafasi yake kwenye mtambo bado umeishikilia, na unailipia kila saa. Inatakiwa kuzimwa kutoka upande wa Azure, ili nafasi yenyewe iachiliwe. Tumeweka ratiba ya kujipunguza na kujiongeza: mashine moja inawaka saa 1 asubuhi, ya pili inafuata watu wakiongezeka, zote zinaachiliwa saa 12 jioni. Jumapili hakuna inayowaka, na mhasibu akihitaji kuingia, mashine inajiwasha kwa ombi lake ndani ya dakika chache.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwezi mzima ni saa 720. Saa 11 kwa siku 26 ni 286. Bili ikashuka hadi shilingi 386,000 na ushee. Diski zinalipiwa hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo msitegemee kufika sifuri.

Kwa biashara yenye msimu kama yetu, hapa ndipo njia hii inapoizidi ile ya zamani. Seva ya kukodi tunailipia viini 8 mwaka mzima ili tuwe navyo Desemba. Huku tunaongeza mashine ya tatu Novemba na kuifuta Februari, mbolea ya kukuzia ikishauzwa.

31 Machi 2025: Faili zilizofungwa

Malalamiko yalianza Makambako: mtu anaingia, anakuta kompyuta ngeni, haina faili zake. FSLogix inaweka kila kitu cha mtumiaji kwenye diski moja pepe inayounganishwa anapoingia. Laini ya Makambako ikikatika, kikao kinabaki hai kwenye mashine ya kwanza kikiwa kimeishika diski ile. Mtu akirudi, na badala ya kurudishwa kwenye kikao kile akapangiwa mashine ya pili, diski haiwezi kushikwa mara mbili, anapewa wasifu wa muda. Akiandika kitu humo na kutoka, kimepotea. Meneja wa Makambako alipoteza orodha ya madeni aliyoitayarisha asubuhi nzima. Inauma.

Tumefanya mambo matatu. Kikao kilichokatika kinafungwa chenyewe baada ya dakika 30. FSLogix tumeiamuru imkatalie mtumiaji kuingia kabisa kuliko kumpa wasifu wa muda, kwa sababu ujumbe wa kukataliwa unatufikia kwa simu, na faili iliyopotea haina wa kuitangaza. Na watu wote wanajazwa mashine ya kwanza hadi ifike kikomo kabla ya kufungua ya pili, jambo linalopunguza mtu kuhamahama na linasaidia bili pia.

Asubuhi, wote wakiingia pamoja, hifadhi ya kawaida ilikuwa inakwama. Tumehamia ya Premium, ambayo kiwango chake cha chini kilikuwa gibibaiti 100. Ni kama shilingi 50,000 kwa mwezi, na kuingia kumekuwa kwa sekunde. Antivirusi nayo tumeizuia isikague faili za VHDX, yaani zile diski pepe za watumiaji.

12 Mei 2025: Bahari

Mwaka jana tarehe kama ya leo nyaya za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na seva Dar es Salaam aliendelea kuifikia. Aliyekuwa nayo Johannesburg asingeweza kuitegemea.

Nimelipeleka hili kwa mkurugenzi kwa maandishi kabla hajaidhinisha chochote. Lazima aliyesaini ajue kwamba njia ya kisasa inaiweka ofisi yetu upande wa pili wa bahari. Jibu lake lilikuwa swali moja: "Siku hiyo kaunta zinauza?" Zinauza. "Basi endeleeni, ila data ilale hapa pia." Kila usiku nakala ya hazina data inashuka Mwanjelwa kwenye kompyuta yenye UPS na jenereta, na programu imewekwa humo ikiwa tayari kufunguliwa na wahasibu. Tumelijaribu zoezi hilo kwa kuchomoa faiba makusudi siku ya kazi. Wahasibu waliendelea na hesabu za jana usiku pamoja na mauzo ya kaunta ya Mwanjelwa.

Kwa upande wa sheria, taarifa za wakulima, yaani majina, simu na namba za ruzuku, ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na sheria hiyo ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Tumemkabidhi mwanasheria wa kampuni suala la usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na suala la usafirishaji, na hatukuhamisha orodha ya wakulima hadi aliporidhia. Fundi asibebe uamuzi huo peke yake.

2 Juni 2025: Windows 365

Ni rahisi kuliko zote kuanzisha. Unalipia, unampa mtu leseni, baada ya muda kompyuta yake ipo. Hakuna mashine za kuwasha na kuzima, hakuna FSLogix, kwa kuwa kila mtu ana diski yake na faili zake zinakaa humohumo. Yale ya Makambako hayawezi kutokea hapa.

Ni bei inayotukataza. Kompyuta ya viini 2, gigabaiti 8 na diski ya 128 tumehesabu kwa dola 41 kwa mwezi. Mara 22 ni dola 902, yaani shilingi 2,435,400 kabla ya VAT, na leseni za Office bado. Inatozwa sawa iwe mtu anaitumia siku nzima au anaingia dakika kumi kuangalia stoo, kama wafanyavyo wengi wetu wa kaunta. Kampuni yenye watu watano wanaokaa kwenye kompyuta kutwa, isiyo na fundi, ningeishauri iende moja kwa moja huku bila kupitia tulikopita sisi.

Mkurugenzi na mhasibu mkuu wamebaki na Windows 365, kwa sababu wanasafiri na wanafanya kazi hadi usiku, saa ambazo mashine za pamoja zimezimwa.

Jambo dogo la kuangalia: ile programu ya Remote Desktop ya kwenye Microsoft Store ilifikia mwisho wake 27 Mei 2025, mbadala wake ni Windows App. Mameneja wawili walikuwa nayo. Tumewabadilishia.

7 Julai 2025: Kompyuta za mitumba

Tumeanza kubadilisha zile zisizopokea Windows 11 ziwe Linux Mint, mfumo wa bure usiohitaji TPM. Hapa njia ya zamani ilikuwa na huruma zaidi. Remmina, programu ya Remote Desktop ya kwenye Linux, inaifikia seva ya kawaida bila shida, printa na vyote, wakati kwa Azure Virtual Desktop tunatumia kivinjari, ambako kuchapa maana yake ni kupata faili ya PDF na kuichapa mwenyewe. Kwa watunza stoo inatosha. Wahasibu tumewanunulia kompyuta mpya tatu.

Kompyuta za kaunta hazijaguswa. Zina mashine za EFD, na programu za kuziunganisha ni za Windows. Hizo lazima zinunuliwe mpya kabla ya Oktoba, na bajeti yake nimeipeleka.

Nilipompigia meneja wa Ipogolo kuuliza hali, baada ya salamu ya kamwene aliniambia mtunza stoo wake sasa anaitafuta mbolea ya Makambako kwenye skrini kabla ya kumjibu mteja. Gari la Makambako linapita Iringa mara mbili kwa wiki, kwa hiyo mteja anaambiwa siku ya kuja.

Gharama za mwezi kwa sasa, kabla ya VAT: mashine za pamoja 386,000, leseni 777,600, kompyuta mbili za Windows 365 ni 221,400, domeni, hifadhi na diski kama 250,000. Jumla ni takriban shilingi 1,635,000. Seva ya Dar es Salaam tumeiachia mwezi Juni.

Kilichobaki kabla ya Novemba: laini ya pili Vwawa; kupandisha mashine ya tatu na kuijaza watu wote 22 asubuhi moja; na kupima 4G ya Tukuyu wakati wa mvua, kwa kuwa kwenye laini za simu njia ya haraka ya UDP imekuwa ikikataa na vikao vinarudi kwenye TCP, iliyo ya taratibu zaidi. Ingizo linalofuata litakuwa na matokeo ya hayo matatu.